Pembe Nne za Kamba

Wiki ya kwanza hawakuijua kona.
Wangeijulia wapi? Walizaliwa ndani ya duara:
hema la manyoya ya kondoo, duara,
jiko katikati, duara,
tundu la moshi utosini, duara la mwanga
ambalo jua hulitembeza sakafuni taratibu
kama mtu anayetafuta sindano.
Ukimwambia Nominzul, "Kakae pembeni,"
atauzunguka ukuta mpaka akurudie.

Mwalimu Dulamsuren alikuwa na hema hilo kiangazi kimoja,
lori la kukodi, na watoto kumi na mmoja wa wafugaji,
mashavu mekundu kwa kuchapwa na upepo wa uwandani.
Vitabu vilikuwa vitatu. Alivikalia.
Akasema: "Leteni kitu chenye ncha inayochoma kiganja."
Wakatoka mbio. Wakarudi
na kiberiti, na tofali la majani ya chai,
na Tuguldur, asiyependa mambo madogo,
akaja anamvuta beberu kwa ndevu.

(Kwa lugha yetu beberu angepata vema:
pembe ni pembe.
Kwa lugha yao ni maneno mawili.
Akarudishwa zizini.)

Siku nyingine bibi yake Ulemj alileta maziwa makavu,
yaliyokatwa kwa uzi, yakaanikwa juu ya paa,
miraba midogo, migumu kama mfupa.
"Zihesabuni pembe kwa ulimi."
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Ulemj alihesabu polepole kuliko wote,
kisha akatoa kinywani kitu kinachometameta mate:
"Mwalimu, mraba ukiunyonya sana
unakuwa duara."
Dulamsuren alikuwa na cheti kutoka mji mkuu.
Hakuna ukurasa uliomtayarisha kwa hilo.
Akaandika daftarini: *Ni kweli.*

Lakini mchezo wao hasa ulikuwa kamba,
kamba ya singa za farasi, imefungwa ncha kwa ncha,
watoto wanne ndani yake, wakiisukuma kwa mgongo,
kila mgongo pembe.
"Kaza! Marlaa, unalegea, umetufanya yai!"
Tuguldur alisimama kaskazini. Alikuwa pembe nzito;
mraba uliinamia kwake kila siku,
na hakuna aliyelalamika.

Wiki ya tatu nyasi zikaisha upande wa akina Tuguldur.
Mifugo haingoji muhula ufungwe.
Alfajiri palikuwa na vumbi,
mchana hapakuwa na kitu.

Mwalimu akamwita mwingine ashike nafasi.
"Hapo ni pa Tuguldur," wakakataa.
Wakaingia kambani watatu,
wakasukuma, wakatazamana.
"Imevunjika," akasema Marlaa.
Nominzul akahesabu kwa kidole,
akarudia, kana kwamba hesabu ingeweza kubadili nia.
"Haijavunjika," akasema. "Ni pembetatu."
Lilikuwa jibu sahihi,
na hakuna aliyelipigia makofi.

Jumanne akaondoka Ulemj.
Kamba ya watu wawili ni mistari miwili inayogusana,
haina ndani.
Wakaitumia kuvutana tu, mpaka Marlaa akaanguka,
wakacheka, wakaiacha nje ikanyeshewa.

Mwisho wa Agosti hema likashushwa.
Fito za ukuta zikakunjana zenyewe kwa mlio wa magoti ya wazee,
na nyumba ya duara ikapanda lorini
marobota ya mstatili, manne, na jiko juu.
"Umeona?" mwalimu alitaka kusema, lakini dereva alipiga honi.

Nyasini pakabaki duara la njano
lililokosa jua kiangazi kizima.
Nominzul alilizunguka mara mbili,
hakukanyaga ndani.
Akafika upande wa kusini, mlango ulipokuwa,
akapangusa viatu,
na kama afanyavyo kwao mtu mwenye adabu
kabla ya kuingia nyumba ya wenyewe,
akaupazia sauti uwanda mtupu:

"Shikeni mbwa!"