Fomu ya Forodha

Kreti ilishushwa Kilindini siku ya Alhamisi,
mbao za msonobari, misumari ya kigeni,
ubavuni mshale mwekundu ukielekeza juu:
usipindue.
Nikaitwa mimi, Mwanakombo binti Faraji,
wakala, mwenye kalamu na mihuri,
nije niseme kilichomo.

Ngumbao akatia mtaimbo. Ubao ukalia.
Ndani, juu ya maranda,
kuba.
Wapagazi waligonga, wakatega sikio,
mmoja akasema tangi la maji.
Gamba! Gamba moja la vigae elfu na ushei,
kila kigae na ua lake la mfupa,
kama vito vya kofia ya bwana harusi
mwenye kichwa cha ukubwa wa lori.

"Hichi ni kitu gani?"
Jina lilikuwa kwenye karatasi, refu, la kuvunja meno;
niliona haya kulitamka mbele ya wanaume.
"Ni wa jamii ya kakakuona?"
La, si jamii. Wamefanana vazi tu,
kama wanawake wawili wasiojuana
waliokutana harusini na leso moja.
Kwao ni ng'ambo ya bahari mbili,
na nduguze wadogo wangali huko, wanachimba mchwa.

Fomu ikauliza: Hai au mfu?
Mfu.
Tangu lini?
Nikaandika miaka elfu kumi,
kompyuta ikakataa,
tarehe haipokei zaidi ya tarakimu nne.
Matumizi? Kutazamwa.
Aina ya bidhaa?
Nikaacha wazi, nikaenda kunywa chai.

Mwenye mzigo kimya. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu,
kodi ya ghala inapanda kama homa
na joto la Februari linayapinda mabati.
Mchana mmoja namtafuta Ngumbao, simwoni.
Viatu vyake nikavikuta chini ya kuba,
vimepangwa kama mlangoni pa watu.
Yeye yumo ndani, kajikunja, anakoroma.
"Humu mna kivuli kizuri, binti Faraji.
Bwana huyu alijua kujenga."

Nikamsimulia niliyoyasoma:
uzito wa gari dogo, mla nyasi,
mkia uliovikwa pete za mfupa.
Nduguze wakitishwa hujiviringa wakawa mpira;
yeye hakuweza.
Mgongo haukukunjika hata kidogo,
na tumbo, chini huko, laini kama la paka.
Basi akija adui alisimama tu,
majani mdomoni,
amemwachia mgongo wake maneno yote.

Ngumbao alitafuna kijiti, akakitema.
"Na watu walikuwapo?"
Mwishoni, ndiyo. Watu walifika.
"Basi walimpindua."

Hakuna aliyejibu.
Forklifti ilipita na mchele, ikarudi tupu.
Sote wawili tuliutazama ule mshale mwekundu.

Usiku ule, chumbani mwangu Majengo,
feni inazunguka kwa kusitasita,
simu ya yule mtu imelia mara nne na sikuishika.
Mama husema mimi ni mgumu,
sisikii la mtu, silii msibani.
Nilivua buibui, nikalitundika msumarini,
likabaki na umbo la mabega yangu.
Nikalala kifudifudi.

Asubuhi nikaifungua fomu tena.
Aina ya bidhaa: nyumba.
Hali: imetumika.
Nikapiga muhuri, kwa nguvu, mara mbili.