Saa Zinazokua

Zamani Aurèle alitengeneza saa za wanawake,
zile zinazoenea juu ya ukucha wa kidole gumba.
Nilikatazwa hata kupiga chafya karibu na meza yake.
Parafujo moja ikiruka, asubuhi nzima
tulitambaa sakafuni na sumaku, watu wazima wawili.

Kisha macho yakaanza kumgomea.
Akahamia saa za mfukoni. "Zina heshima zaidi," alisema,
nami nikaitikia, maana ndoa ni pamoja na kuitikia.
Mkono ulipoanza kutetemeka
akapokea za ukutani tu, zenye ndege wa mbao.
Mwaka huu wamemletea ile ya mnara wa shule,
gurudumu lake moja latosha kuwa sinia.
Kadiri yeye anavyopungua, saa zinakua.

Nyumba nayo imejifunza.
Kahawa humiminwa nusu kikombe, mara mbili.
Ndevu hunyolewa akiwa ameketi.
Tai haifunguliwi fundo: huvuliwa kichwani,
hutundikwa msumarini hadi Jumapili ijayo.
Novemba, theluji ya Le Locle ilipofika dirishani,
tulishusha kitanda; ngazi tumemwachia paka.

Vifungo vya mashati nimevibakiza kuwa pambo,
nyuma yake nimeshona sumaku ndogondogo.
Akanung'unika: sumaku ni sumu ya saa,
mke wa fundi hajui hilo, miaka hamsini na mbili?
Basi siku za kazi anavaa sweta,
na shati ni la kupokelea wageni.
Juzi lilinasa kijiko cha mke wa mchungaji.

Mimi simwambii kila kitu.
Simwambii kwamba sufuria kubwa sijaiinua tangu Pasaka,
kwamba viazi navimenya redio ikiwa juu
ili asisikie kisu kikianguka.
Lakini usiku hulala akisikiliza,
anajua ipi inachechemea.
"Ile ya jikoni inaburuta mguu," asema gizani.
Nami sijui kama anazungumzia saa.

Leo ameamka kabla yangu,
amedai kikombe kijae, kama cha mwanamume.
Nimekijaza.
Nusu imeishia kwenye kitambaa cha meza,
nusu ameinywa polepole,
akanitazama kwa ushindi,
akasukuma kikombe mbele
nimwongeze.