Daftari la Samaki

Mvua ilikuwa moja, ya Jumanne,
ilianzia vilima vya Pugu ikashuka bila kubagua mtaa.
Tukaifuata kwa ndoo mbili, wavu wenye kiraka,
na daftari ambalo Chaurembo alilifunga ndani ya mfuko wa sukari.

Mpiji: aina kumi na moja.
Wadogo, wawili watatu wa kila aina,
kama wageni wa harusi wasiojuana.
Mmoja alikuwa na mstari mweusi ubavuni.
Hatukumwona tena popote.

Kizinga, juu ya daraja: saba.
Chini, maji ya chumvi yanapopanda na bamvua,
hao saba hawapo; nyumba wameshika chaa na mkizi
na mkunga aliyemng'ata Chaurembo kidole,
akaandikwa kwa damu kidogo.

Mbezi hatukuhesabu.
Palikuwa na malori ya mchanga,
na shimo mahali pa mto.

Majina ndiyo yalitusumbua.
Kule Mtoni, Bi Sikujua wa samaki wa kukaanga
alimtazama mmoja kiganjani: "Dagaa mto."
Tegeta, mtoto mwenye kopo akasema, "Huyo? Hafai."
Siku mbili nzima nilihesabu dagaa mto na hafai
kama koo mbili,
mpaka nilipowalaza ubavu kwa ubavu juu ya jani la mgomba.

Kisha Msimbazi. Juu, penye miti, wanne.
Vingunguti maji yalikuwa zambarau asubuhi,
mchana kijivu,
na ndani yake kambare, kambare, kambare,
themanini na wanne, wanene,
wanachungulia juu kuvuta pumzi, masharubu yakipapasa hewa.
"Wengi," nikasema.
"Wengi," akasema Chaurembo, "ila hawana majirani."

Kwenye safu ya perege nikaandika sifuri.
Akaishika kalamu.
Yeye alizaliwa pale, nyuma ya machinjio;
mwaka wa Elnino aliwavua kwa kanga ya mama yake,
akachapwa kwa ajili ya kanga,
kisha wakala samaki wote, na mama akiwemo.
"Hiyo sifuri umeihakikisha?"

Jua lilishapinda. Wavu unanuka, mgongo unauma.
Nikafuta kwa kidole kilicholowa, karatasi ikachubuka,
tukarudi majini mara ya tatu,
yeye upande wa ukuta wa kiwanda,
mimi upande wa matuta ya mchicha,
wavu katikati yetu
ukishuka polepole.