Mafundo Kumi na Mawili

Insha arobaini na sita juu ya meza ya jikoni
na kila mtoto ametumbukia.
Katika lindi la huzuni. Katika lindi la umaskini.
Mmoja katika lindi la furaha:
nikampigia mstari mwekundu, kisha nikasita,
maana nani kasema furaha haina kina?

Ni mimi niliyewafundisha. Mwezi wa tatu, ubaoni:
LINDI, shimo refu lisilo na mwisho. Tunga sentensi.
Wakaitikia kwa pamoja, kama jedwali la saba.
Na mji wetu, nikaongeza, ati ndilo neno hilo hilo kwa wingi,
lindi, malindi;
sikuwa na hakika, lakini siku ile
mkaguzi alikuwa amekaa nyuma ya darasa.

Kilindi sikukitaja.
Darasa la tano hawatakiweza, nilijiambia.
Kwa kweli ndicho kilichomchukua Mbwana, kaka yangu,
na sikutaka kukiandika kwa chaki.

Insha ya thelathini na moja. Nyevu Thoya:

"Lindi la baba yangu liko Barani, kwa mzee wa matofali.
Lina mafundo kumi na mawili.
Kamba ya baba ina fundo kila pima moja.
Kwanza hushusha taa ya chemli. Ikizima hashuki,
hata mwenye kisima akasirike.
Ikiwaka hushuka na mtaimbo,
mimi na kaka tunavuta kifusi kwa kapi.
Mwalimu, si kweli kwamba halina mwisho.
Chini kuna baba."

Nikampa nane kwa kumi.
Mbili nilimkata: hakutumia tamathali.

Usiku ule neno lingine likanikosesha usingizi,
kina cha maji, kina cha ubeti,
kina Thoya, wanaokula kwa kushuka.

Jumamosi nikaenda.
Nilivua viatu, sijui kwa nini,
nikainama juu ya ule mdomo wa mawe ya tumbawe.
Ubaridi ukanigusa kidevu.
Mtaimbo ulikuwa ukigonga mahali fulani
na kila pigo lilipanda limechoka.
Kisha sauti ya mtu, ndogo, ya kawaida kabisa:
"Nani huyo anayenizibia mwanga?"
Nyevu akacheka. Nikasogea.

Majirani wa Shela nimewaambia mara ngapi,
kwa Kiswahili changu cha kupigwa pasi,
kwamba mama amezama katika lindi la usahaulifu.
Wakatikisa vichwa: mwalimu huyu lugha anaijua.
Lugha naijua.
Kamba sikuwahi kushusha.

Jina langu lilikwenda fundo la pili.
La baba, la tano. Njia ya chooni.
Kisha Surati Fatiha, aliyonifundisha kwa fimbo na haluwa.
Fundo la kumi lilikuwa Mbwana;
hilo nililiacha lipite kimya
na nikashukuru, Mola anisamehe.

Leo baada ya isha nikaanza na taa,
kitu kidogo tu, cha kupima hewa.
"Mama, yule paka wako Chausiku
alikuwa akilala wapi?"
Hakuna.
Vidole vyake vinanyoosha shuka iliyonyooka.

Basi nikamsimulia tu, kama mtu anayesimulia peke yake,
habari za Thoya, chemli, kapi,
mtoto anayehesabu baba yake kwa mafundo,
na jinsi udongo wa mwisho ulivyopanda umelowa.

Mama akageuka.
Akanitazama kama mteja anayemtilia shaka muuzaji.

"Maji yake," akasema, "chumvi au baridi?"

Sikuwa nimeuliza.
Nilisimama pale nusu saa nikitafuta tamathali
na sikuuliza.

Jumatatu nitamuuliza Nyevu.
Na zile alama zake mbili, nitamrudishia.