Kipimo cha Mmoja

Jumamosi, Namakwekwe. Mama Nambozo
anajifanya mwenye nyumba, anagonga mlango wa jikoni:
"Kodi!"
Khainza anahesabu noti, anasita,
anakumbuka: "Risiti kwanza."
Tunacheka. Anaandikiwa kwenye kipande cha boksi.

Kufuli anajua. Sigiri, kuiwasha bila mafuta ya taa, anajua.
Foleni ya zahanati, kutaja jina lake bila kuinamisha kichwa.

Wali ndio umemshinda.
Miaka tisa kapika sufuria ya watu saba;
mkono haujui kikombe kimoja,
unamwaga, unarudisha,
unamwaga tena.

Leo kapata. Hakuna punje iliyozidi.
Akakaa kimya akitazama maji yakichemka,
kisha akainuka
akaongeza kikombe.

"Jirani," akasema.
"Hata huko hatakosekana."