Msimu wa Magongo

Mechi ya kwanza, Musoma: tulifungwa saba.
Lugata alikaa langoni na pedi za godoro
alizoshonewa na mama yake kwa uzi wa nyavu.
La nane lilikomea gotini kwake.
Tulishangilia hilo.

Uwanja wetu ni changarawe, Igogo,
nyuma ya kiwanda cha barafu.
Ikibaki wanatupa bure, vipande vyenye magamba.
Tunajikanda, uvimbe unashuka,
tunarudi nyumbani tunanuka sangara.

Gongo la Minza ni mpera,
alilipinda mwenyewe motoni, jioni tatu.
Likakatika Geita, dakika ya nne.
Akacheza na kipande
ameinama hadi kipenga cha mwisho
kama anayepalilia pamba ya watu.
Sare. Sare yetu ya kwanza!
Mwalimu Bugalama alitununulia miwa
akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Bukoba tulikwenda kwa meli, usiku kucha,
tukarudi na pointi moja na homa nne.

Halafu masika. Ziwa lilipanda
mpaka mstari wa kati,
refa akapekua magugu maji akitafuta mpira.

Msimamo niliuandika mimi, kwa chaki,
mlangoni pa ghala:
timu sita, sisi wa sita.
Mabao ya kufunga, tisa.
Ya kufungwa, mvua ilifuta,
sikuandika tena.

Juzi Lugata katimiza kumi na minane,
ligi ya vijana haimtaki.
Pedi kamwachia mdogo wake.
Zimemfika kifuani.
Mtoto kasimama langoni, kapanua miguu,
kasema: piga.