Vidonge vya Saa Mbili Usiku

Miguu yangu haisikii kitu.
Daktari Jerneja alinidunga sindano kidoleni,
akanikwaruza wayo kwa ufunguo wa gari lake,
nami nikatazama dirishani
theluji ikiporomoka kutoka paa la kanisa.
Akaandika: hakuna hisia.
Nikamwambia, andika na hili:
inaungua.

Hakucheka. Yule kijana wa zamu kabla yake
alicheka kidogo, kwa pua.
Kitanda usichokilalia.

Nilianguka mwezi wa nane, ghalani,
Lojze akinishikia ngazi,
mpaka nyigu alipomjia usoni.
Ngazi ina vipago kumi na viwili. Nilikuwa cha kumi na moja.
Uti ukavunjika pingili ya kumi.
Mimi mfumaji wa lesi, namba hazinitoki:
vijiti kumi na vinne mtoni, pitisha, zungusha, pitisha,
pini ya shaba, tena.
Sasa pini zimehamia nyayoni
na sijui ni nani anayefuma.

Dawa yenyewe ni kapsuli, nusu njano nusu nyeupe,
kama yai lililochemshwa likakatwa.
Kikaratasi kilisema: ya kifafa.
Mimi sina kifafa, nikasema.
Jerneja akavua miwani.
"Wewe huna. Neva zako ndizo zinazo."

Moja usiku. Kisha moja na moja.
Kisha mbili, mara tatu,
na moto ukarudi chini, ukalala majivuni
kama paka mzee.
Nililala saa sita mfululizo. Lojze akaamka mara mbili
kuweka kiganja mbele ya pua yangu.

Lakini dawa haichagui.
Iliyazima makaa, ikazima na taa.
Nikaliita sufuria "kile kitu cha supu."
Nikamwita binti yangu Darinka kwa jina la mbuzi.
Na siku ya Alhamisi, kwenye jani la tatu la kitambaa cha harusi,
nikafuma mshipa wa tano
pale ambapo jani huwa na minne.
Lojze akasema, hakuna atakayeona.
Nimeona mimi.

Babu yangu alichimba zebaki chini ya mji huu wa Idrija.
Mwishoni kijiko kilimtetemeka, supu ikaishia kifuani,
naye alisema: mlima umechukua chake.
Nilikuwa na miaka sita. Niliuchukia ule mlima.
Sikujua mtu anaweza kukaa nao mezani
na kuulizana: wewe chukua hiki, niachie hiki.

Nikaomba nipunguziwe. Jerneja akakunja uso:
usiache ghafla, utaona moto usioujua.
Tukashuka polepole, wiki baada ya wiki,
hadi asubuhi nikabaki bila kidonge.
Asubuhi naungua na nahesabu.
Kuna saa natukana, Darinka anaongeza sauti ya redio.
Kuna saa vijiti vinalia vyenyewe, tak tak,
nami nasahau kwamba nina miguu,
kisha nakumbushwa.

Lile jani la mishipa mitano sikulifumua.
Limo ndani ya droo, pamoja na risiti za dawa.

Saa mbili usiku Lojze analeta kapsuli
kwenye kisahani cha kahawa.
Hospitali huuliza maumivu kwa sifuri hadi kumi.
Sisi tuna kipimo chetu.
"Leo cha ngapi?"
"Cha tisa."
Namalizia maji. Tunangoja, hatusemi.
"Sasa?"
"Cha nane. Cha saba na nusu."
Naye, bila kujua anachofanya,
ameushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili,
vidole vimemweupeka,
na nzi anamtembelea shingoni,
na haachii.